Siku Zako Hazijafika, Zangu Pia

4 Machi

Mjukuu wangu Sindano,

Marahaba, ingawa najua hukuniamkia mimi. Barua yako nimeisoma mwenyewe mwanzo hadi mwisho, bila miwani, bila kusaidiwa na mtu, na hakuna neno hata moja lililonishinda.

Haya, ya miwani ni uongo. Ya kusaidiwa nayo ni uongo, maana mwandiko wako ni mdogo kama mishono yako, ikabidi niende kwa kinyozi anisomee palipofifia. Hakuna neno lililomshinda kinyozi. Mimi yalinishinda mawili matatu.

Najua bahasha umeiandika "Kwa Bibi, afungue mwenyewe." Bibi yako yuko kwa dada yake aliyeteguka mguu, na bahasha iliyofungwa ikikaa mezani peke yake na mimi, mmoja wetu lazima ashindwe. Isitoshe mume na mke ni mwili mmoja. Bahati mbaya nusu iliyobaki nyumbani ndiyo yenye macho mabovu.

Sasa tuje kwenye maneno yako. Umeandika: "Bibi, siku zangu hazijafika, mwezi wa pili huu, na naogopa. Usimwambie babu." Tulisoma mara tatu. Kinyozi alimwacha mteja na kichwa nusu, tukatoka nje kusemezana.

Sindano, mtu wa miaka ishirini na sita analalamikaje kwamba siku zake hazijafika? Mimi nimeshaipita sabini na zangu hazijafika, na hujanisikia nikimwandikia mtu barua. Zikipiga hodi nitasema mwenye nyumba amehama. Wewe una cherehani, una meno yote, una seremala anayekungoja mwisho wa Mei, halafu unahesabu siku kama mtu aliyechoka na dunia?

Nimefanya mzaha hapo ili niweze kuendelea kuandika. Hilo neno "naogopa" limenikalisha chini. Kama seremala amekuudhi, sema. Kama ni kazi imekuelemea, sema. Nimemwomba shangazi yako aje akae nawe. Najua tunamwita Redio, na kweli hana kitufe cha kuzima, lakini ana moyo. Usifanye neno lolote kabla hajafika.

Babu yako,
fundi viatu mstaafu

*

10 Machi

Babu, shikamoo.

Shangazi alifika Alhamisi, amevaa nyeusi juu mpaka chini. Nilikuwa nampima mteja kifua. Shangazi akanikumbatia, akalia, akaniuliza kama nimeshaamua cherehani itabaki na nani, akasema yeye hana tamaa ila mtu akimwachia hatakataa. Mteja wangu alitoka mbio na pini bado ziko kwenye sketi. Mpaka leo hajarudi, na pini ni zangu.

Babu, sifi. Hakuna anayekufa. Siku nilizoandika ni siku za wanawake. HEDHI. Nimeandika kwa herufi kubwa ili wewe na kinyozi msitoke nje kusemezana tena. Ilitakiwa ije Januari mwishoni, haikuja. Februari haikuja. Hili ndilo nililotaka bibi alijue, na sababu iliyonifanya niandike "usimwambie babu" naamini sasa unaiona.

Kabla hujaanza utani wako: si mimba. Nimepima, na hata nisingepima najua. Seremala ni mtu wa kungoja vanishi ikauke.

Lakini usingizi sipati. Msichana mmoja niliyesoma naye alianza hivihivi, siku zikakata, na baadaye akaambiwa hatapata mtoto. Mume akamrudisha kwao. Sitaki kuingia nyumba ya watu nikiwa na jambo kama hilo chini ya gauni. Nisipojua sababu mapema, nitamwambia seremala atafute mwingine, harusi ife kabla haijapikiwa.

Tafadhali mpe bibi barua hii akirudi. Na wewe kaa kimya. Unaweza?

Sindano

*

15 Machi

Mjukuu wangu,

Nimeona aibu. Imekaa kama dakika mbili hivi, ikaona hapa si kwake, ikaondoka.

Umeniuliza kama naweza kukaa kimya. Naweza, nimenyamaza toka juzi na kinyozi ananinunia. Lakini bibi yako hajarudi, mguu wa dada yake umegoma, na mimi siwezi kukaa na neno "harusi ife" ndani ya nyumba kama mtu aliyefuga chatu. Basi nikavaa kofia nikaenda zahanati.

Benchi la pale ni la wanawake watupu. Nikasogezewa nafasi kati ya mjamzito na mama mwenye pacha, na kila mmoja akawa ananiangalia kama kuku aliyeingia msikitini. Zamu yangu ilipofika, nilikuwa nimejiandaa vizuri kusema "mjukuu wangu." Ulimi ukateleza. Nikasema, "Nesi, siku zangu zimechelewa."

Benchi zima likanigeukia. Nesi akaniangalia kutoka kofia hadi viatu. "Tangu lini, mzee?"

Pacha peke yao ndio hawakucheka.

Baada ya hapo nesi alifunga mlango akanieleza vizuri, na nimekariri njia nzima nikirudi, kwa hiyo soma haraka kabla sijasahau. Anasema siku zikichelewa si lazima liwe balaa. Mwili wa mwanamke si saa ya ukutani. La kwanza wanaloangalia ni mimba, hilo umeshapima, ila kipimo cha mapema mno hudanganya, hivyo rudia. Baada ya hapo kuna mawazo. Mtu akiwa na hofu kubwa au harusi kichwani, mwili nao unakwama. Nilimwambia nesi kwamba bibi yako alikuwa na harusi kichwani na mimi ndiye niliyekwama, akasema hiyo haimo kwenye kitabu chake.

Kuna sindano za kupanga uzazi na vidonge vyake, hizo huzuia hata miezi baada ya kuacha. Kuna dawa nyingine za hospitali. Kuna kazi ya kubadilisha zamu, leo mchana kesho usiku, mwili unapoteza dira. Kuna mazoezi ya kupita kiasi. Kuna kunyonyesha, na kuna umri wa kukoma, hayo mawili hayakuhusu. Kuna tezi ya shingoni ikilegea au ikichangamka kupita kiasi. Kuna vifuko vya mayai kutosawazisha homoni zake. Na kuna kukonda haraka au kutokula vya kutosha, maana mwili ukiona ghala linapungua unafunga kwanza vyumba vya wageni.

Sasa nijibu moja moja, bila haya. Mimi nimeshamaliza haya yangu yote pale kwenye benchi. Na nesi amesisitiza: miezi miwili imeshapita, usingoje wa tatu, nenda kwa daktari huko uliko.

Babu yako,
mgonjwa namba kumi na nne, upande wa akina mama

*

20 Machi

Babu, shikamoo.

Nilicheka mpaka nikajichoma kidole. Lakini naomba usirudi tena zahanati kwa ajili yangu.

Majibu. Nimepima tena, si mimba. Sindano ya uzazi sijachoma. Vidonge simezi, hata vya kichwa. Zamu sina, nafungua duka asubuhi nafunga jioni. Mazoezi yangu ni kukanyaga cherehani. Shingo iko kama ilivyokuwa. Kula nakula vizuri tu, usinitie wasiwasi. Gauni langu limekwisha tangu Januari, ni zuri kuliko yote niliyowahi kumshonea mtu, linaning'inia mlangoni na mafundi wenzangu wanakuja kulitazama. Siku ya harusi litanikaa.

Kwa hiyo, babu, kwenye orodha yote ya nesi kinachobaki ni vile vifuko, au kitu ambacho hakukitaja kwa kukuhurumia.

Na hapa kuna vurugu nyingine. Shangazi Redio alipoelewa kwamba sifi, hakutaka safari yake iende bure. Alipita kwa mama wa seremala akamwambia kwa siri kwamba siku zangu zimekata. Mama wa watu akaelewa alivyopenda. Jumamosi alikuja na trei ya mayai, maziwa na machozi ya furaha, akaniita "mama wa mjukuu wangu." Nilikosa pa kuweka uso. Anafurahia kitu ambacho pengine sitampa kamwe.

Nimeshindwa. Nimemwandikia seremala, nitampa barua Jumapili. Daktari nitamwona baadaye, nikiwa sina cha kupoteza.

Sindano

*

25 Machi

Kwa mzee wangu, Babu wa Sindano.

Shikamoo babu.

Samahani kwa kukuandikia bila kukujua vizuri. Mimi ndiye seremala.

Jana mjukuu wako alinipa barua ya mistari mitatu. Anasema nitafute mwingine, nisiulize sababu, na kitanda nikiuze. Kitanda nimekimaliza, bado vanishi. Siwezi kukiuza kwa sababu nilikitengeneza kwa kipimo cha chumba chetu, hakitaingia kwa mtu mwingine.

Nimejiuliza kosa langu. Nilidhani ni mama yangu na mayai yake. Mama anasema kuna ujauzito. Mimi najua haupo, na sijui nimwambieje bila kuonekana nina habari nyingi. Lakini mayai yale Sindano aliyagawa yote kwa majirani siku ileile. Maziwa alimpa paka wa duka, na paka sasa ndiye mnene kuliko mwenye duka.

Jambo jingine, babu, mimi ni mtu wa vipimo, huenda ni ujinga wangu. Kiti anachoshonea nilimtengenezea mimi mwaka jana. Toka Februari anakalia mto, anasema mbao zimekuwa ngumu. Mbao haziongezeki ugumu. Nilimwambia hivyo, akanuna.

Kama nimemkosea naomba niambiwe nirekebishe. Kama hanitaki nitanyamaza.

Mkwe wako, kama bado ni mkwe,
Seremala

*

29 Machi

Sindano,

Leo sikuamkii wala sikuitikii. Bibi yako amerudi, amesoma barua zako zote, na ya seremala pia, ndiyo, ameniandikia. Amesoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye yale mayai akakaa.

Mimi nimeshona viatu miaka arobaini na kitu. Nimeletewa viatu na watu wa kila aina, na wengi walinunua kile kizuri kilichowekwa dirishani, wakakibana mguu ndani wakisema kitalegea. Wanakuja wakichechemea. Siku zote niliwaambia neno moja: kiatu kikibana, fundi hakati kidole.

Umeandika "siku ya harusi litanikaa." Hukuandika "linanikaa." Unafikiri babu yako hasomi? Yaliyonishinda ni maneno mawili matatu tu, hilo halikuwamo. Gauni limekwisha Januari na siku zako zimekata Januari. Mayai umegawa. Kiti cha seremala kimekuwa kigumu ghafla. Nesi aliniwekea sababu mkononi, nami nikakuletea, ukajibu "kula nakula vizuri tu" ukaniruka kama dimbwi.

Gauni ni dogo, Sindano. Na badala ya kulifumua, unajifumua wewe.

Kama nimekosea, nitakula kofia yangu kwa chumvi. Lakini nenda kwa daktari wiki hii, umwambie ukweli wa sahani yako, siyo huu uliokuwa unatuandikia sisi. Kalamu anaichukua bibi yako, ana hasira.

*Mke mwenzangu, hapa ni mimi. Bahasha niliyoandikiwa mimi imefunguliwa na mzee huyu, hilo nitamalizana naye. Wewe nisikilize. Mficha uchi hazai, walisema wa kale, na hawakuwa wakitania. Ulipaswa kuniandikia kwa lugha iliyonyooka toka mwanzo, ukaenda kuzungushazungusha "siku." Sina hasira na siku zako. Nina hasira na sahani yako. Kula. Nenda kwa daktari. Seremala usimwache kwa ajili ya kitambaa. Akija mtu akakwambia mwanamke hupimwa kwa kiuno, mlete kwangu.*

Nimerudi mimi. Seremala nimemjibu mstari mmoja tu. Siri yako sikuitoa. Nilimwandikia: "Usitafute mwingine. Tafuta mkasi, nenda kwake, ukae kimya mpaka aseme mwenyewe."

Babu yako

*

7 Aprili

Babu, bibi, shikamooni.

Babu, kofia yako isalimike.

Nilijipima mwenyewe, duka likiwa tupu, kwa aibu ya kupimwa na mafundi wenzangu. Nikavuta pumzi nikaikata, nikakaza futi, nikakata kitambaa kwa kipimo hicho. Kilikuwa kitambaa alichonizawadia mwenye duka la vitambaa, kimetoka mbali, na hakuna kingine kama hicho. Nilipoumaliza mshono wa mwisho nikalivaa, likagoma kwenye mbavu. Mimi, ambaye kila bibi harusi wa mtaa huu hupita mikononi mwangu, na kila siku nawaambia wapumue ninapowapima. Ningeanzaje kusema? Nikaona ni rahisi kupungua mimi. Asubuhi chai kavu, mchana nasema nimekula, jioni nasema nitakula. Mwanzoni niliona nimeshinda. Baadaye nikawa nasikia baridi jua likiwa utosini, nywele zinabaki kwenye kitana, na bado gauni halifungi. Siku zilipokata, sikutaka kuunganisha hayo mawili. Afadhali iwe maradhi, maana maradhi hayana aliyekosea.

Seremala alikuja na mkasi kama ulivyomwagiza. Mkasi wa kukatia bati, babu. Akauweka juu ya meza, akakaa, akanyamaza. Nilishona pindo mbili nikijifanya simwoni. Ya tatu nikalia, nikamwambia yote, gauni, sahani, hofu ya mtoto, vyote.

Akaniangalia, akaliangalia gauni mlangoni. Halafu akasema, "Kwa hiyo mshindani wangu alikuwa nguo."

Nikamwuliza, na kama ingekuwa kweli sizai? Akaanza kuokota pini sakafuni, anaziweka moja moja kwenye kile kidude changu cha pini. Akasema, "Nilikuposa wewe. Watoto sikuwaposa, siwajui. Wakija nitawatengenezea kitanda, wasipokuja nitatengeneza kabati." Nikaichukua ile barua ya mistari mitatu mfukoni mwake, akanizuia kuichana, akasema karatasi nzuri, akawashia jiko.

Tulienda kwa daktari pamoja. Alichukua damu, akapima tezi, akapiga picha ya tumbo. Kila kitu kipo mahali pake. Akasema ni uzito ulioshuka haraka na mawazo juu yake, na kwamba siku zitarudi nikila na kupumzika, ila zinaweza kuchukua wiki kadhaa, nisizifukuzie. Nirudi anione tena.

Gauni tumelifumua pande zote mbili. Nimeweka vipande vya rangi ya maziwa kutoka kwapani mpaka kiunoni, na mafundi wenzangu wanadhani ndivyo nilivyokusudia toka mwanzo. Wawili wameshaniomba niwashonee hivyohivyo. Mama wa seremala nimemwambia ukweli. Aliguna, akatazama mikono yangu, akaenda kuleta trei nyingine. Hii nakula mimi. Paka amenuna.

Siku bado. Ila siogopi kama zamani.

Mjukuu wenu,
Sindano

*

12 Mei

KWA BIBI TU. Babu, ukiifungua hii nitajua.

Bibi, shikamoo. Hedhi imekuja jana, nikiwa nampima mteja. Nilicheka peke yangu, yule mama akadhani nacheka kiuno chake, nikambembeleza sana. Daktari amefurahi. Seremala nimemwambia, akasema "Vizuri," akarudi kupaka vanishi, lakini nilimsikia akipiga mluzi.

Karibuni mwisho wa mwezi, chumba chenu kiko tayari.

Sindano

*

16 Mei

Sindano wangu,

Sikuifungua. Bibi yako aliisoma kwa sauti jikoni, na masikio hayana bahasha.

Amefurahi mpaka amenisamehe, ingawa si kwa yote. Ametoka nje akamwambia jirani "mjukuu wangu yuko salama," jirani akauliza kwani alikuwa na nini, bibi yako akasema "alikuwa na fundi mbaya." Mimi nilipita zahanati kumshukuru nesi. Wale akina mama wa benchini wakaniuliza kama zangu zimefika. Nikawaambia ziko njiani, zimekwama kwenye foleni.

Nakwambia neno moja bila mzaha, na sitalirudia. Siku ile nilipokusoma vibaya, kabla ya kumtuma Redio, nilikaa kwenye ngazi nikashindwa kuvaa viatu. Fundi viatu, na nimeshindwa kuingiza mguu. Ukipatwa na jambo tena, liandike kwa jina lake, hata kama litafunguliwa na mpumbavu.

Sasa tuje kwenye deni. Nilikaa benchi la akina mama kwa ajili yako, na heshima yangu imebaki palepale benchini, haijapatikana. Kwa hilo nakudai, na nataka unilipe kabla ya harusi. Bibi yako tangu arudi anapika kama anayelipiza kisasi, na ile suruali yangu ya kijivu ya sherehe imegoma kufunga. Jana niliivaa nikavuta pumzi, ikafunga, lakini nilishindwa kusema hata "marahaba." Naituma kwa posta pamoja na barua hii. Ipanue kiunoni vidole vitatu. Fanya vinne. Na bibi yako akikuuliza, mwambie imekwenda kuwekwa kifungo.

Babu yako anayepumua kwa zamu